Milima Mitano Bila Ndoo

Mwaka niliovunjika mguu ndio mwaka nilioanza kumjua jirani yangu, ingawa tulikuwa tumeishi mlima mmoja kwa miaka kumi na sita.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule na magauni ya vitenge kwenye kibaraza kilicho kando ya barabara hapa Mkuyuni, Mwanza, na nyumba yangu iko nyuma kidogo, pale mlima unapoanza. Yeye anauza mchicha na matembele sokoni. Nyumba yake iko juu kabisa, katikati ya mawe, mahali ambapo ukitaka kufika lazima ushike jiwe kwa mkono mmoja na kukunja gauni kwa mkono wa pili. Kwa miaka yote hiyo tulikuwa watu wa kusalimiana tu. Yeye akishuka alfajiri na tenga lake husema, "Mwangaluka, fundi," na mimi Mjita nilishajifunza kuitikia salamu hiyo ya Kisukuma kama mwenyeji. Akishapita, kila mtu na shughuli zake.

Kisha siku moja nikivuka barabara na robota la kitambaa begani, bodaboda ikanigonga. Mfupa wa paja ulivunjika. Nikawekewa chuma, nikalala miezi mitatu nikihesabu misumari ya bati. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na mtu asiyeweza kukanyaga hana kazi. Daktari aliponiruhusu kutembea kwa magongo, niliogopa. Nilikuwa nikifika mlangoni narudi kitandani, namwambia mume wangu kwamba leo nimetembea.

Jirani yangu ndiye aliyegundua uongo huo. Alfajiri moja alisimama mlangoni na tenga lake tupu, akapiga hodi, akaingia.

"Fundi," akasema, "huo mguu unalala. Ukiuacha ulale, hautaamka. Simama twende mpaka nguzo ya kwanza."

Alimaanisha nguzo ya umeme. Ilikuwa karibu sana, lakini kwangu mimi ilikuwa safari. Nilikwenda nikilia, yeye akitembea pembeni bila kunishika, akinieleza habari za wadudu waliokula spinachi yake. Kesho yake alikuja tena, tukaenda nguzo ya pili. Akawa anaiita safari hiyo dozi. "Njoo unywe dozi yako," alikuwa akisema. Kwa miezi tisa, isipokuwa Jumapili, alinipitia kila alfajiri kabla ya kwenda bustanini kwake kuchuma. Nguzo zikawa nyingi hadi zikaisha, tukafika sokoni. Gongo moja likabaki nyumbani, halafu la pili.

Siku niliporudi kukanyaga cherehani, kitu cha kwanza kushona kilikuwa gauni lake. Alilivaa palepale, akageuka mbele ya kioo, akashukuru. Lakini mimi niliona halitoshi. Nikamwuliza, "Dada, nikufanyie nini? Niambie kitu unachokitaka wewe mwenyewe, siyo cha watoto wala cha nyumba."

Alicheka akaenda zake. Kesho yake alipopita hakusalimia kwanza.

"Jana ulikuwa unatania?"

"Sikutania, dada."

"Basi nataka kuzunguka milima." Akainua mkono na kuuzungusha taratibu, kuanzia mlima wetu, nyuma ya mtaa wa Igogo, hadi kule kwenye mnara wa simu. "Yote mitano. Siku moja. Tutokee hapa, turudi hapa, na tusipite njia moja mara mbili. Na nisiwe nimebeba kitu kichwani."

Nilidhani sijasikia vizuri. Akanieleza akiwa amesimama, tenga limeegemea kiuno chake. Alikuja mjini akiwa bibi harusi kutoka kijiji kimoja cha Misungwi, akakuta nyumba ya mumewe iko juu ya mawe na maji yako chini barabarani. Bomba lilipokauka, alivuka mlima kufuata chemchemi. Kuni alizifuata mlima wa pili. Msiba ukitokea nyuma ya mlima wa tatu, alikwenda na unga kichwani. Watoto walizaliwa, mume akafariki, na yeye akaendelea kupanda na ndoo. Maji ya bomba yalifika juu kwake juzijuzi tu, watoto wakiwa wameshaondoka nyumbani.

"Mwenye ndoo haangalii pembeni," alisema. "Anaangalia anapokanyaga. Hiyo milima naijua kwa shingo, fundi. Kwa macho bado."

Niliitikia haraka, kabla woga haujanishika. Woga ulinishika baadaye, nilipotoka nje na kutazama juu.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti, mtu mwenye akili ya kupima. Nilipomweleza aliweka kijiko chini.

"Mtu anapanda mlima kwa sababu," alisema. "Mbuzi kapotea, au kuna msiba. Nyie mnakwenda kufanya nini?"

"Kutembea."

"Watu watasema mnatafuta mali walizofukia Wajerumani."

"Wakisema hivyo tutawapa majembe wachimbe."

Hakucheka, lakini usiku ule ule aliulizia chuma changu cha pajani, kama kinauma baridi ikiingia. Nikajua ameshaanza kupanga na sisi.

Kupanga kwenyewe kulichukua wiki sita. Jumapili mchana, baada ya ibada, jirani yangu alishuka, tukatandaza karatasi ya kukatia patani juu ya meza yangu ya kazi. Mimi ndiye niliyeshika kalamu, yeye ndiye aliyejua njia. Milima yetu haina majina ambayo kila mtu anayakubali, kwa hiyo tuliiita kwa alama zake. Wa kwanza ukawa Mlima Wetu. Wa pili tukauita Upara, kwa sababu juu yake ni jiwe moja tupu lisilo na hata jani. Wa tatu ulikuwa wa Nyumba Nyingi. Wa nne wa Nyuki, kwa kuwa alikumbuka mzinga uliokuwa kwenye ufa wa jiwe upande wa kaskazini. Wa tano, mrefu kuliko yote, ulikuwa wa Mnara.

Mume wangu, aliyekuwa akijifanya anasoma, alisema tuanze na Mnara tukiwa na nguvu. Jirani yangu akatikisa kichwa kwa heshima.

"Shemeji, ukifika Upara saa sita mchana, lile jiwe linapika nyayo. Lazima tulipite kabla ya saa tatu. Mnara una miti na upepo wa ziwa. Huo unangoja."

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba sikuwa nampangia safari. Alikuwa nayo tayari kichwani, chini ya ndoo zote zile. Alijua nyumba zenye mbwa wakali. Alijua mwanya kati ya mawe mawili ambamo pimbi hukaa wakiota jua, na ambamo mtu mnene hapiti. Alijua mahali ambapo wanawake wawili wa umri wetu wanaweza kujisitiri bila kuonekana, jambo ambalo mwanaume hatalifikiria hata siku moja. Mimi niliandika. Kwa kila mlima niliweka duara dogo pembeni, mahali pa kutokea kama mguu wangu utakataa, njia fupi ya kushuka hadi barabara. Yeye aliyatazama hayo maduara akasema, "Vizuri. Mtu ajue mlango ulipo hata kama hatoki."

Nilikwenda kliniki kuuliza. Mtaalamu wa viungo alinipandisha na kunishusha ngazi mara nne, akaniinamisha, akanikunja goti.

"Kupanda sina wasiwasi," alisema. "Wasiwasi wangu ni kushuka. Ukishuka, shuka kama mtoto anayejifunza. Usione aibu kukaa chini."

Nikayaandika hayo nayo kwenye karatasi, kwa kalamu nyekundu.

Suala la viatu lilitaka kutugombanisha. Yeye alitaka kwenda na ndala. Alisema amepanda milima hiyo kwa ndala na kwa miguu mitupu, na haijawahi kumdondosha. Nilimletea raba za mtumba, zimefuliwa vizuri, akazivaa akatembea kibarazani kama kuku aliyefungwa kamba mguuni.

"Miguu yangu imefungwa jela," alisema.

"Dada, mimi ulinisimamisha kwa magongo nikalia na bado ukanipeleka nguzoni. Na wewe vaa."

Aliinama, akafunga kamba. Aliendelea kuzivaa sokoni wiki nzima ili zimzoee, na wenzake walimwuliza kama ameajiriwa ulinzi.

Jumamosi mbili kabla ya siku yenyewe tulikwenda kukagua kipande cha katikati, kutoka Upara kwenda Nyumba Nyingi, kwa kuwa alikuwa hajapita huko miaka mingi. Na kweli, njia aliyoikumbuka ilikuwa imezibwa. Ukuta mpya wa matofali ulikuwa umejengwa kutoka jiwe moja hadi jingine. Tukasimama pale, mimi nikatoa karatasi yangu nikaanza kuchora ukuta, nikiangalia kushoto na kulia nikitafuta pengine pa kupita.

Tulipogeuka, watu walikuwa wametoka nje. Kina mama wanne, vijana wawili, na mzee mmoja mrefu aliyeshika redio ndogo. Hakuna aliyesalimia.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba." Akazima redio. "Hiyo futi ya nini?"

Nikashika shingo. Nilikuwa nimetoka kwenye cherehani bila kuvua futi yangu ya kupimia nguo. Ilikuwa inaning'inia kifuani, na mkononi nina karatasi yenye michoro, maduara na maandishi mekundu.

"Mimi ni fundi cherehani, baba. Tunatafuta njia ya kupita. Tunataka kuzunguka milima, kutembea tu."

"Kutembea tu." Aliyarudia maneno yale taratibu. "Walikuja wawili siku za nyuma, wamevaa vizuri kama nyie. Wakasema wanatembea tu. Haikupita wiki tukaamka tunakuta alama nyekundu za kubomolewa kwenye kuta zetu. Mpaka leo hatulali vizuri. Naomba hiyo karatasi."

Nilimpa. Nilimwelewa. Mtu aliyeng'ang'ania mwamba miaka arobaini mpaka ukawa nyumba ana haki ya kuogopa futi. Aligeuza karatasi huku na huku. Kijana mmoja akasema aitwe mwenyekiti wa mtaa. Nilipomtazama jirani yangu nikaona ameinamisha kichwa, kama amezoea kuulizwa maswali juu ya mlima wa watu.

Ndipo mama mmoja, aliyekuwa akianua nguo, akaja karibu huku ameshika shuka mkononi. Alimtazama usoni jirani yangu, akazunguka akamtazama upande.

"Wewe," akasema, "si ndiye uliyeleta maji kwenye msiba wa mama yetu?"

Jirani yangu akainua kichwa. "Mimi? Sikumbuki, mama."

"Ule mwaka bomba la chini lilikauka. Mama amelala ndani, watu wamejaa, hatuna hata maji ya kunawa. Ukatokea pale kwenye jiwe na ndoo kichwani. Tulidhani unapita. Ukaitua mlangoni kwetu. Ukarudi tena, na tena. Mara tatu. Nilikuuliza wewe ni wa nani, ukasema tumalize kazi kwanza. Halafu hatukukuona tena."

Jirani yangu alifikiri. "Labda nilikuwa napita na maji yangu," alisema kwa sauti ndogo. "Nikasikia vilio."

"Wewe hukumbuki. Sisi tunakumbuka."

Mzee alisimama na karatasi yangu mkononi. Kisha akaikunja vizuri, kwa mikunjo yake ileile, akanirudishia. Alimwambia jirani yangu, "Yule alikuwa mke wangu." Aliwasha redio, akaizima tena. Baadaye alituongoza nyuma ya choo cha jirani yake hadi kwenye mwanya kati ya mawe mawili ambao usingeuona hata ukiwa hatua tatu mbele yake. Njia ilipita humo, ikatokea upande wa pili wa ukuta.

"Semeni siku mtakayokuja," alisema. "Mbwa watafungwa."

Tulipofika karibu na nyumbani, jirani yangu akaniuliza, "Fundi, mtu anaweza kufanya jambo na asilijue?" Nikamwambia mimi ninamjua mmoja.

Tulichagua Jumamosi ya kiangazi, mwezi wa saba, mawe yakiwa makavu na asubuhi zikiwa za baridi. Binti wa jirani yangu alikuja kutoka Buzuruga kushika meza ya mchicha. Mume wangu alinichongea fimbo ya mpera na kuifunga raba chini ili isiteleze, akanipa. Tulibeba maji, matoborwa ya viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, karanga, na dagaa wa kukaanga niliowafunga kwenye karatasi. Vyote viliingia kwenye begi langu la mgongoni na lake dogo la shule, la mjukuu wake. Kichwani kwake hakukuwa na kitu ila kilemba, na hata hicho alikivua tulipofika nyumbani kwake, akakiacha mlangoni.

Mlima Wetu tuliupanda jua likiwa bado nyuma ya vilima vya mashariki. Juu yake alisimama akaangalia nyumba yake kutoka juu, kisha akageuka akaanza kushuka upande mwingine akipunga mikono yote miwili, kama mtu anayeogelea. Nilimwuliza ana nini.

"Sijui niiweke wapi," alisema. "Imezoea kushika ndoo."

Upara tuliufika saa mbili na nusu. Jiwe lilikuwa bado baridi, na mijusi yenye vichwa vyekundu ilikuwa inatoka kwenye nyufa kutafuta jua. Tuliketi tukala karanga. Chini yetu ziwa lilikuwa jeupe kama shuka iliyotandikwa, na mitumbwi ya wavuvi wa dagaa ilikuwa inarudi na karabai zao zimezimwa. Treni ya mizigo ilipita taratibu kando ya ziwa. Nilikuwa nimeishi Mwanza miaka yote hiyo sijawahi kuiona treni kutoka juu yake. Nilimshukuru Mungu kimyakimya kwa ajili ya ule mguu, na nilipogundua nilichosema nilishangaa, kwa sababu sikuwahi kudhani nitaushukuru.

Kwa Nyumba Nyingi walikuwa wanatungoja. Mbwa walikuwa wamefungwa kama alivyoahidi mzee, na yule mama wa shuka alikuwa amepika uji wa ulezi na michembe, vile viazi vikavu, yenye karanga. Tulikaa kwenye mkeka, na wanawake wakaja mmojammoja kumsalimia jirani yangu, wengine wakiwa hawajamwona kabla ila wamesikia. Alikuwa anainama kila anapopewa mkono. Mzee alitoka na kiti chake, akakaa mbali kidogo, akatusikiliza. Tulipoaga alisema, "Karibuni tena. Hata bila sababu."

Kushuka kutoka pale ndiko kulikonipata. Kulikuwa na mwamba mrefu ulioinama, laini kwa miaka ya miguu ya watu, na hapakuwa na njia nyingine. Nilishuka hatua tano, goti likatetemeka, likagoma. Fimbo haikupata pa kushika. Nilisimama nusu ya mwamba, siwezi kwenda mbele wala nyuma, na jasho likanitoka kama nilivyotokwa siku ile barabarani.

"Kaa," alisema jirani yangu kutoka chini.

"Nitachana gauni."

"Wewe ni fundi. Utalishona."

Nikakaa. Nikashuka kwa makalio, kidogo kidogo, kitenge kikisugua jiwe, yeye akinielekeza pa kuweka kisigino. Watoto wawili waliokuwa wakichunga mbuzi walikaa kutazama kama sinema. Nilipofika chini gauni lilikuwa limetoboka nyuma kweli, na tulicheka mpaka tukashikana mabega. Akavua kanga yake kiunoni akanifunga.

Mlima wa Nyuki tuliupita upande wa kusini, kimya, tukisikia mvumo kwa mbali. Ule mzinga wa zamani ulikuwa bado upo. Lakini goti langu lilikuwa linavimba, nililiona hata chini ya kanga. Chini ya Mnara kulikuwa na mti wa mkuyu na jiwe la kukalia, na pale kwenye karatasi niliweka duara langu la mwisho. Nikakaa.

"Hapa ndipo mlango wangu ulipo," nikasema. "Nitakungoja."

Alikasirika, kitu ambacho sikuwahi kukiona. "Tulisema wote. Tutaacha huu, tutarudi wote."

"Dada, miezi tisa ulinitembeza mimi. Leo hii milima ni yako. Nenda."

"Nikienda peke yangu nitamwambia nani nilichokiona?"

"Mimi. Sihami hapa."

Alivua begi la mjukuu akaniwekea miguuni, akaweka na chupa ya maji juu yake, akaanza kupanda. Nilimwona akipotea kati ya miti, akatokea juu zaidi, akapotea tena. Alipofika kileleni, karibu na mnara, alikuwa mdogo kama kidole. Alisimama wima. Hakupunga mkono. Upepo ulikuwa unavuta gauni nililomshonea, na yeye akageuka polepole sana, akizunguka mahali pamoja, mpaka akamaliza mzunguko, akaanza tena.

Alikaa huko juu muda ambao ungetosha kushona sketi ya shule. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Akakaa kando yangu, akanywa maji.

"Nilikasirika kidogo," alisema mwishowe.

"Kwa nini?"

"Ziwa lote lile, fundi. Visiwa. Feri inakwenda ng'ambo, inaacha mstari nyuma yake. Kule mto Mirongo kwa mbali unaingia ziwani. Vyote vilikuwa hapa miaka yote, na mimi natazama vidole vya miguu yangu. Nikasema, nani alinificha?" Akafunga chupa. "Halafu nikatafuta bati langu nikaliona. Dogo hivi. Nikasema, ndani ya kile kidogo nimelea watu watano, na maji hawakukosa. Hasira ikaisha."

Njia ya kurudi inazunguka chini ya Mnara upande wa ziwa, tambarare karibu yote, ndiyo maana tuliiweka mwisho. Niliitembea nikiwa nimeweka mkono begani kwake. Hatukurudia hata kipande kimoja. Tulitokea Mkuyuni kwa nyuma ya soko, saa kumi na moja kasoro, na wenzake walipotuona tukichechemea, mimi na kanga nyuma na yeye na raba nyeupe kwa vumbi, walianza kupiga vigelegele kama tumeleta bibi harusi. Binti yake alikuwa amemaliza mchicha wote. Mmoja wa wale kina mama, muuza nyanya, akauliza kama mtu wa uzito wake anaweza kupita kwenye ule mwanya wa pimbi tuliowasimulia. Jirani yangu akampima kwa macho, akasema kwa ukweli kabisa, "Wewe tutakuzungushia."

Nyumbani mume wangu alikuwa amepika sato, na chumvi ilikuwa nyingi. Tulimla wote watatu mpaka mifupa. Jirani yangu alilala palepale kwenye mkeka akiwa ameketi, kichwa ukutani, na mume wangu akaenda chumbani kuleta shuka.

Kesho yake kanisani, ulipofika wakati wa shukrani, nilisimama kwa kushikilia benchi la mbele. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, kuhusu bodaboda, na madaktari, na nguzo za umeme. Watu walinigeukia na maneno yote yakanikimbia.

"Namshukuru Mungu," nikasema, "kwa milima minne na nusu."

Kanisa lilicheka, na mchungaji pia, kwa sababu hakuna aliyejua naongelea nini. Nilikaa chini, goti likiuma vizuri, nikacheka nao.